Msichana Aliyeng'oa Mpaka

Mchungaji Jamleck alinikuta nimezama kwenye matope hadi magotini, nang'oa nduma, wala hakungoja nitoke. Alisimama pale juu penye nyasi kavu, viatu vyake vinang'aa, akaniambia kanisa limepata mgeni kutoka ng'ambo na wazee wa kanisa wameona nyumba yangu ndiyo inayofaa. Mgeni atakaa nasi mwaka mzima. Atafundisha watoto siku ya Jumapili, atatembelea wagonjwa, na atajifunza jinsi tunavyoishi.

"Ajifunze kwako," nikamwambia. "Wewe una vyumba vingi na bati jipya."

"Misheni wanataka akae na familia ya kawaida, Mama Kiragu."

Nilikuwa na nduma mkononi, kubwa, ina matope, na namshukuru Mungu kwamba sikuirusha. Kawaida! Nilikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, nina ng'ombe wa gredi wa maziwa mengi, na mume wangu Thuo alikuwa mshika stoo katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, anakwenda kazini kwa baiskeli yake mwenyewe. Lakini kumkatalia mchungaji ni kazi nzito, hasa ukiwa umekwama matopeni naye yuko juu. Nikasema sawa.

Jioni nikamwambia Thuo. Akauliza, "Mzungu atakula nini?"

"Tunachokula sisi."

"Basi hatakaa," akasema, akaendelea kula.

Huo ulikuwa mwaka wa sitini na saba. Kangemi ya siku hizo si hii mnayoijua, ya vyumba vya kupanga vimebanana kama meno. Ilikuwa mashamba. Juu kahawa na mahindi, chini bondeni kijito, na kando ya kijito nduma za wanawake, wengine huziita magimbi. Kipande changu cha nduma alinipa mama mkwe wangu, mamake Thuo, wiki niliyoolewa. Alinishika mkono akanipeleka hadi majini, akaniambia, "Hapa ni pako. Mume akikuudhi, shuka huku." Nilishuka mara nyingi. Jua likichoma mpaka mahindi yakajikunja, pale kulibaki kijani, na watoto wangu hawakulala njaa hata mwaka mmoja.

Msichana aliletwa na gari la misheni. Aliitwa Inger, alitoka Denmark, nchi ambayo alisema ina ng'ombe kila mahali, nikaona angalau hapo tunaweza kuelewana. Alikuwa mrefu, mwembamba, pua imebabuka kwa jua. Akainama mbele yangu akasema, "Shikamoo, mama."

Sisi Wakikuyu wa wakati ule tulijua wapi shikamoo? Nikamjibu, "Mzuri sana." Akafurahi, nami nikafurahi, tukaingia ndani.

Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Changu kilikuwa cha sokoni. Nilichoka kumwambia "leta ile kitu" naye aulize ni kitu kipi. Kiswahili hiki ninachowasimulia nacho leo, kwa kweli, yeye ndiye aliyenitilia, kidogo kidogo, tukimenya viazi. Tukiwa wenyewe kwa wenyewe, mimi na Thuo na majirani, tulisema Kikuyu, naye alikaa akitutazama midomo.

Nilimpa chumba cha wavulana. Nilikuwa na wavulana watatu, mkubwa ameajiriwa Nakuru na wawili wako shule za bweni, na nyumba ilikuwa imenyamaza kupita kiasi. Sikuwahi kuzaa msichana. Sikulalamika, kwa sababu kulalamika mbele ya waliokosa kabisa ni dhambi, lakini mvulana ni mtu wa kupita tu. Anaingia, anakula, anauliza nguo yake iko wapi, anatoka. Inger alikaa. Nikikaa kuchambua maharagwe, naye alikaa kuchambua maharagwe, na aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilipenda chakula gani nikiwa mdogo? Nilimwonaje Thuo siku ya kwanza? Kuni ninazobeba kwa ukanda kichwani, je, haziumizi?

"Inauma," nikamwambia. "Sasa nifanye nini?"

Usiku huo alinikanda shingo na mafuta aliyokuja nayo. Sikujua pa kuweka uso wangu. Tangu nimwache mama yangu, hakuna mtu aliyenishika shingo kwa upole vile, na nilishukuru taa ilikuwa hafifu.

Nami nilimtunza. Funza walipoingia kidole chake cha mguu, alidhani ni ugonjwa wa kumuua, akataka apelekwe hospitali. Nikamkalisha mlangoni penye mwanga, mguu wake mapajani kwangu, nikamtoa funza kwa pini nikimwambia asipige kelele, majirani watasema tunamchinja. Alicheka na kulia kwa pamoja. Milcah, mke wa jirani yetu Gichuru, alikuwa amekuja kuomba chumvi, akasimama akashika kiuno.

"Mguu mweupe nao unaingia funza?" akasema kwa Kikuyu. "Basi Mungu ni wa haki."

Jambo moja tu lilitugombanisha, nalo ni jembe. Inger alitaka kulima. Kila nikitoka na jembe, naye yuko nyuma. Mimi nikakataa, na sikukataa kwa wema mtupu. Ukimpa mgeni jembe kilimani kwetu, kesho utasikia kwamba Thuo amepata kibarua wa bure kutoka Ulaya, tena binti wa watu. Mgeni hukaa, hula, husifiwa kwamba amenenepa. Nikamnyang'anya jembe mara ya kwanza, mara ya pili nikalificha chini ya kitanda.

"Mgeni hapana lima," nikamwambia. "Weka hii mikono yako kwa Biblia."

Mara mbili kwa wiki alipanda basi kwenda mjini kusoma Kiswahili pamoja na wageni wengine wa misheni. Nilitaka kumjua huyo mwalimu, kwa hiyo siku moja nikavaa koti langu la kanisani nikaenda naye. Chumba kilikuwa ghorofani juu ya duka la vitambaa, Biashara Street, na mwalimu mwenyewe alikuwa Mwislamu wa Mombasa, Mwalimu Hemed, amevaa kanzu na koti juu yake, kofia nyeupe. Nilishangaa hadi nikasahau adabu. Nikamwuliza mbele ya wanafunzi wake, kanisa inalipa yeye afundishe watu ya kanisa?

"Wao wana dini yao, mimi nina lugha yangu," akanijibu huku akinivutia kiti. "Hatujagombana bado, mama. Karibu uketi."

Sikuwahi kuona mtu anayekaribisha kwa maneno matamu vile. Nilikaa nikasikiliza somo zima. Na katika somo hilo ndipo alipoandika ubaoni msemo wa kwao, kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanafunzi wakacheka. Inger hakucheka. Alinigeukia akanitazama, akaendelea kunitazama mpaka nikajifanya naangalia dirishani.

Tulipokuwa tunatembea kwenda stendi, akasema, "Mama, mimi niko kwako mwezi wa tatu sasa."

"Hiyo ni ya Mombasa," nikamwambia. "Sisi hapana fanya hivyo."

Ningemwachia jembe siku ile, hadithi hii isingekuwepo. Lakini nilikuwa mkaidi, na yeye alikuwa mkaidi kuliko mimi, sema ukaidi wake ulikuwa wa kimyakimya.

Mwezi wa nne mvua ikaanza. Mke wa ndugu yangu alijifungua kule Limuru, nikaenda kumpikia uji, nikakaa siku chache. Thuo alikuwa anatoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Inger akabaki na nyumba, na ng'ombe, na jembe alilolijua liko wapi.

Nilirudi mchana, nikiwa nimelowa. Kitu cha kwanza nilichoona ni maua. Mbele ya mlango wangu, kulia na kushoto, palikuwa na safu mbili za maua meupe yenye michirizi ya waridi, yamepandwa vizuri, udongo umepapaswa kwa mkono. Nilitabasamu. Nilitabasamu kabisa, Mungu ni shahidi yangu, na nikapiga hatua mbili zaidi kabla sijajua ninachokitazama. Yalikuwa matoka.

Niliacha mzigo wangu kwenye matope nikateremka bondeni mbio.

Inabidi niwaeleze, kwa sababu watoto wa leo mnajua mawe ya mpaka na waya. Sisi mpaka wetu ni matoka. Ni mayungiyungi ya mwituni, kitunguu chake kinakwenda chini sana, ng'ombe hayali, ukame hauyaui. Yale ya kati yetu na Gichuru yalipandwa na baba wa Thuo na baba wa Gichuru, kondoo akachinjwa, maneno yakasemwa juu ya atakayeyang'oa, na maneno hayo mimi siwezi kuyarudia. Serikali ilikuwa na ramani yake, lakini ramani ilikaa ofisini Kiambu, na sijawahi kuona ramani ikisimama shambani kwenye mvua. Sisi watu wa kanisa tulikuwa tumeacha mambo mengi ya wazee. Mpaka hatukuuacha. Hata Mchungaji Jamleck ana matoka yake.

Nilipofika chini, ile sehemu ilikuwa imelimwa. Kutoka nduma zangu hadi mahindi ya Gichuru, yote imelimwa, imesawazishwa, mabonge yamevunjwa, kazi nzuri ambayo ningeisifu kokote kwingine. Mvua ya siku mbili ilikuwa imelainisha kila kitu. Hapakuwa na shimo wala alama. Na matoka yale hayakuwahi kukaa kwa mstari. Yaliyumba yakifuata kijito, na kila mtu aliyakumbuka kwa namna yake. Ng'ambo ya pili alisimama Milcah, mikono kichwani.

"Hannah," akaniita, "Gichuru ameshaona."

Inger alikuja nyuma yangu anahema, uso umejaa furaha. Alikuwa ananingoja nione. Alisema nyumbani kwao binti humpandia mama yake maua mlangoni majira ya kuchipua, na kwamba shamba sasa liko safi nipande nitakacho.

Nilimwita mjinga. Nilimwita kwa Kiswahili, halafu kwa Kikuyu nikamwita mengine. Furaha yake ilizimika, na midomo yake ikabaki wazi.

"Nilidhani ni maua," akasema.

"Ni maua!" nikapiga kelele. "Ni maua, lakini si ya kungoa! Hii ni mpaka! Umengoa mpaka ya watu!"

Gichuru hakuja kupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alikuja jioni amevaa kofia, akakataa kukaa, akamwambia Thuo kwamba yeye si mtoto. Msichana wa watu atoke Ulaya, apite mashamba yote ya Kangemi, aende moja kwa moja kung'oa matoka yake yeye Gichuru? Tena wakati yeye anajenga vyumba vya kupanga na kila mtu anajua bei ya ardhi inapanda? "Mmemtuma, Baba Kiragu. Mmemtuma Mzungu ili hata chifu aogope kuuliza." Akaita wazee wa kilima waje siku ya Jumamosi.

Thuo alikwenda kwa mzee Macharia, mkubwa wa wazee hao, kusikia jambo lilivyo. Aliporudi alikaa kwenye kigoda, akavua viatu polepole.

"Kuna njia mbili," akasema. "Wazee wataamua aliyeng'oa ni nani. Akiwa mgeni, mpita njia, hakuna wa kulaumiwa. Watakisia katikati, watapanda matoka upya, kila mtu abaki na chake. Ila mgeni huyo aondoke kilimani siku hiyo hiyo."

"Na njia ya pili?"

"Akiwa mtu wa nyumba hii, atabaki, lakini basi ni nyumba hii iliyong'oa. Na nyumba iliyong'oa haina neno tena. Gichuru ataweka mguu pale anapokumbuka yeye, na hapo ndipo matoka yatakaa."

"Gichuru anakumbuka wapi?"

"Hannah, unajua anakumbuka wapi."

Nilijua. Alikumbuka ng'ambo ya nduma zangu, ili zote ziwe upande wake. Miaka yote alikuwa akisema nduma zile zinakunywa maji ya shamba lake. Si kubwa ile sehemu, ungeweza kurusha kiatu kikaivuka, lakini ndiyo yenye maji.

"Basi ni mgeni," Thuo akasema. "Si ni mgeni?"

"Ni mgeni," nikasema.

Mchungaji Jamleck naye akaja, safari hii hakusimama mbali na matope. Misheni walikuwa wamesikia. Walikuwa na nyumba Spring Valley, yenye bustani na mtumishi, na gari lingekuja Jumamosi kumchukua. Inger alimsikiliza, akasema ahsante. Akaenda kufunga sanduku lake. Sikuenda kumsaidia. Nilikuwa bado na hasira, na hasira ile ilinifaa sana, kwa sababu nilijua ikitoka kitakachobaki kitaniuma zaidi.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu. Tulishuka bondeni. Wazee walikuwa watatu, wamevaa makoti mazito na viatu vya mpira, na mzee Macharia alikuwa na haraka kwa sababu ng'ombe wake alikuwa anazaa. Kondoo alifungwa kwenye mti. Gichuru na watu wake wakasimama upande wao, Milcah nyuma yake na kanga kichwani. Sisi tukasimama upande wetu, mimi na Thuo na shemeji zangu wawili.

Inger alikuja mwisho. Alikuwa ameyachimbua tena matoka yote kutoka mlangoni kwangu, ameyaosha, ameyafunga kwa gunia bichi yasikauke, na ameyabeba kwenye karai. Alifika, akatuona sisi huku, akawaona wale kule, na hakujua aende wapi. Akasimama katikati, kwenye ule udongo alioulima mwenyewe, akalishika karai kwa mikono miwili. Mvua ilimnyeshea. Hakuna aliyemkaribia.

Mzee Macharia aliuliza kwa Kikuyu kama kila mmoja anakubali matoka yameng'olewa. Tukakubali. Akauliza nani ameyang'oa. Wote wakatazama pale katikati. Akauliza, "Na huyo ni wa nani?"

Thuo ndiye aliyepaswa kujibu. Mwanamke hasemi mbele ya wazee wa ardhi. Aliivua kofia yake, akaipangusa maji, akairudisha kichwani.

"Mimi shamba langu ni lile la kahawa juu," akasema. "Hapa kwenye nduma mama yangu alimpa mke wangu, nanyi mnajua. Siwezi kujibu juu ya kitu kisicho changu. Mwulizeni mwenyewe."

Nimekaa na Thuo miaka mingi, na sijui kama siku ile alinionea huruma au alinitupia mzigo. Pengine vyote. Wazee wakanigeukia. Mzee Macharia hakupenda, lakini ng'ombe wake alikuwa anazaa, akasema, "Haya, Mama Kiragu. Jibu tu. Huyo ni wa nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelilalia siku mbili. Ni mgeni wa kanisa. Maneno manne, halafu tunapanda, tunakwenda nyumbani, nduma zangu zinabaki zangu.

Nikamtazama. Hakuelewa hata neno moja lililokuwa likisemwa. Alikuwa ananiangalia mimi midomo, kama alivyozoea, akingoja nimweleze baadaye jikoni. Na nikafikiri hivi, nawaambia kama nilivyofikiri: pale mtu hasimami. Siku ya mpaka kila mtu husimama na watu wake. Hata kondoo aliyefungwa alikuwa na upande. Mtu wa kusimama katikati peke yake na karai ni mtu asiye na mama, na huyu alikuwa na mama, alikuwa amempandia maua.

"Inga," nikaita, kwa Kiswahili changu. "Wewe nasimama huko nafanya nini? Kuja hapa. Kuja simama na mimi."

Hakusogea mara moja. Halafu akaja, karai likimgonga magoti, akasimama ubavuni kwangu.

Shemeji yangu mmoja akaguna. Mzee Macharia akaniuliza taratibu kama najua nilichokifanya.

"Nimemwita mtoto wangu kutoka kwenye mvua," nikamjibu. "Mlitaka nijibu vipi tena?"

Basi ikawa imekwisha. Gichuru alitoka kwao akavuka ule udongo uliolimwa, akaingia kwenye nduma zangu, akakanyaga, akaendelea, akavuka hadi nikaona sasa atafika jikoni kwangu. Ndipo Milcah akamshika koti kwa nyuma, akalivuta. Gichuru akageuka amkemee. Akamwona uso. Akarudi nyuma hatua moja, akaweka mguu, akasema, "Hapa." Hatua hiyo moja namshukuru Milcah hadi leo.

Kondoo akachinjwa, maneno yakasemwa. Mkono ulioyang'oa ndio huyarudisha, kwa hiyo Inger alipiga magoti kwenye matope akayapanda matoka moja moja, palepale mzee Macharia alipomwonyesha kwa fimbo. Nilipiga magoti karibu naye nikimpokeza. Alikuwa ameanza kuelewa. Niliona mikono yake inapunguza mwendo. Alipofika la mwisho, penye maji, akainua kichwa akatazama nduma zangu, majani yake makubwa, yamebaki upande wa pili.

"Mama," akasema, "nduma zako ziko kule."

"Naona."

"Mimi sikuyatoa hapa. Niliyatoa pale. Waambie."

"Hapana haja. Panda."

Akakaa juu ya visigino vyake. Hakuwa mjinga, hata kama nilimwita hivyo. Macho yake yalikwenda kwa Gichuru, yakaja kwa Thuo, yakanirudia, na yalikuwa yamejaa.

"Kwa nini, mama?"

Juu barabarani gari la misheni lilikuwa limefika, tulisikia likipiga honi. Nikalichukua lile toka la mwisho nikalitia mwenyewe shimoni, mkono wake na wangu, tukalishindilia.

"Nduma iko sokoni kila siku," nikamwambia. "Mtoto mimi nitanunua soko gani?"